Bega la Ukoo

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nafungua daftari hili kwa hasira. Hasira zenyewe ni za mazishi ya Baba. Msomaji wa wasifu alifika pale penye "marehemu alikuwa mjukuu wa" akakuta pameachwa wazi. Akainua macho akauliza, mbele za watu wote wale, babu yake mzaa baba aliitwa nani? Kaka yangu akakohoa. Baba Mdogo, ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake, akatabasamu na kuitikia, "Asante sana." Mimi ninayejulikana kwa mdomo nikatafuta neno sikuliona. Jina likatoka nyuma kabisa kwenye mkeka, kwa sauti ya chini. Alilitaja Shangazi. Msomaji akaliandika, akaendelea.

Aibu ile ninayo mpaka leo. Nimeapa kwamba mvua hizi hazitakwisha kabla sijatundika mti wa ukoo wetu ukutani.

Humu sitaandika majina. Majina yana karatasi yake, ile pana ya kaki ninayochorea mitindo. Daftari hili ni la watu wenyewe na vituko vyao.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshona sare za shule kutwa. Mti haujaota.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutubi mstaafu wa mtaa wa nyuma kaja kupunguziwa suruali kiunoni. Kustaafu kumemkondesha, yeye anasema ni mazoezi. Nikamuuliza mtu anaanzaje kutafuta ukoo wake. Akavua miwani, nikajua nimejitakia.

"Anza na wewe mwenyewe," akasema. "Halafu wazazi wako, halafu wazazi wao. Hatua moja moja, kwenda nyuma. Wengi wanaoanza wanarukia zamani sana kwa sababu wanatafuta mfalme."

"Mimi sitafuti mfalme. Natafuta baba yake babu."

"Basi wawahi wazee kabla ya makaratasi. Makaratasi yanaweza kusubiri. Na usiwaulize nani alimzaa nani, hapo mzee anajiona yuko kwenye mtihani. Muulize nani alikuwa analala chumba gani."

Nilicheka. Lakini nimeliandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetandaza karatasi juu ya meza ya kukatia, nikaanza chini kabisa na mimi. Pembeni yangu Kaka, ambaye nyumbani tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hata chai ya asubuhi haanzi kuinywa bila kufungua kikao. Ameendesha gari la wagonjwa la hospitali miaka yote, na hata humo nasikia alikuwa anawapangia wagonjwa utaratibu wa kuugua. Juu yetu Baba na Mama, wote wametangulia. Juu yao Babu na Bibi, wenye nyumba hii ninayoandikia. Babu na Bibi walipata watoto watatu: Shangazi, Baba, Baba Mdogo. Nikarudi nyuma kuangalia kazi yangu, nikajiona mtaalamu.

Kisha nikataka kupanda juu zaidi na penseli ikagoma. Zaidi ya lile jina moja la mazishini sina kitu.

Nimwandike na Shangazi hapa, maana ndiye ninayeishi naye, wawili tu tangu Baba afariki. Ni mwembamba, mkimya, nguo zake zimenyooshwa hata za kulalia. Hakai mpaka mwingine akae. Anakula wa mwisho na kuosha wa kwanza, na ukimwambia apumzike anakuangalia kama umemtukana. Chumba chake ni kile cha nyuma karibu na tangi la maji. Leo ndiyo nimegundua kwamba sijawahi kumsikia akisema "chumbani kwangu." Husema "kule nyuma."

Alhamisi, 13 Machi

Ofisi ya kumbukumbu. Foleni, miavuli inayochuruzika, benchi moja la watu wote. Karani akaniuliza babu yangu alizaliwa mwaka gani. Nikamwambia tunavyosema nyumbani, mwaka wa mafuriko.

"Mafuriko yapi, mama?" akasema. "Humu ofisini tu maji yameingia mara mbili tangu Jumatatu."

Baba yupo, na Baba Mdogo yupo. Kabla yao hakuna mtu. Karani, kijana mwenye huruma na mafua, akaniambia wazee wa zamani wengi hawakuandikishwa, waliishi tu. Sikumuuliza Shangazi kama yumo. Haikunijia hata akilini, yeye si yupo nyumbani?

Jumapili, 16 Machi

Sina mkono. Nimeandika mpaka kidole kimeota sugu.

Shangazi alikuwa jikoni anachambua maharage. Nikajifanya nimepita tu, nikauliza, "Hivi Shangazi, zamani chumba hiki cha mbele ninachoshonea alikuwa analala nani?"

Mkutubi, Mungu ampe maisha marefu. Shangazi akataja aliyelala, na kabla yake aliyelala pale ambapo sasa ni varanda, na mama yake huyo, na ndugu zake, na yule mmoja aliyeondoka kwa ugomvi wa ng'ombe akarudi mzee hana jino. Anataja huku vidole vinatupa maharage mabovu, hakosei kote kuwili. Nikakimbilia karatasi. Kutoka kwa baba yake babu tukapanda kwa baba yake, na baba yake huyo, na wake zao, na watoto wao, hata waliofariki wachanga. "Huyu aliishi kipindi cha mavuno tu," anasema, "lakini mwandike."

Tukashuka mpaka kwetu. Nikaandika watoto wa Kaka, wawili.

"Watatu," Shangazi akasema.

Nikamwambia huyo wa kwanza tumwache, Kaka hapendi atajwe. Ni kweli, tangu siku ile alipozikwa hakuna aliyewahi kumtaja, si yeye wala wifi. Shangazi akaendelea na maharage.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Vitambaa havikauki. Mteja mmoja kasema gauni lake linanuka pango.

Jumapili, 23 Machi

Leo nimegundua jambo ambalo fundi mwingine yeyote wa cherehani angeligundua zamani, kama ukoo ungekuwa wa mtu mwingine.

Sisi bega la kushoto limeshuka. Si ulemavu, ni maumbile tu. Baba alikuwa hivyo, Kaka hivyo, mimi hivyo, Baba Mdogo ndiyo usiseme. Nikiwakatia nguo nashusha bega la kushoto upana wa kidole bila hata kufikiri, mkono umezoea. Basi leo mvua imenifungia ndani, nikatoa mifano ya karatasi niliyoitunza, ninayokatia nguo za watu wote wa nyumbani, na kila mwenye bega letu nikamwekea alama ya chaki kwenye mti. Kwenye ile picha ya zamani ya Babu na kaka yake wamesimama kama wanaosubiri kupigwa risasi, bega ni lile lile. Nikafurahi, maana huu ni ushahidi ambao hata Mkutubi hana.

Nikafika kwenye mfano wa Shangazi. Mabega yake yamenyooka sawasawa. Nimemshonea tangu nilipojua kufunga kitufe na sijawahi kumshushia bega, na sijawahi kujiuliza kwa nini.

Nikampigia Kaka simu tucheke. "Ukoo mzima tumepinda," nikamwambia, "Shangazi peke yake ndiye kapona."

Kaka hakucheka. Akasema, "Hebu rudia."

Jumanne, 25 Machi

Kaka kapiga tena, na tena. Anataka kujua bega. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa si changu.

Jumamosi, 29 Machi

Kaka kaja mwenyewe, kalowa mpaka soksi, na faili kwapani. Shangazi akamletea taulo na chai ya moto, akatuacha. Kaka akasubiri mlango wa nyuma usikike umefungwa.

"Mdogo wangu, mimi natoka nyumba ya kazi mwisho wa mwezi ujao," akasema. "Dereva mpya anaingia. Sina pa kwenda na mke wangu ila hapa."

"Hapa ni kwenu. Karibu."

"Karibu wapi? Vyumba si unaviona. Chako, hiki cha kushonea, na cha nyuma. Baba hayupo tena, lazima tukae tugawane kwa utaratibu. Watoto wa Babu na watoto wao, kila mmoja na fungu lake." Akapunguza sauti. "Sasa kama Shangazi si mtoto wa Babu, anakaa kwa fungu lipi?"

"Kwa fungu la kukuosha matako ulipokuwa huwezi."

"Hiyo ni fadhila. Fadhila si fungu." Akasema ipo nyumba ya kutunzia wazee, safi, vitanda vyake anavijua kwa kichwa maana ameshapeleka na kuchukua watu pale mara nyingi. Atakuwa anakwenda kumwona. Ameitisha kikao cha ukoo baada ya wiki tatu, na mti niulete.

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Akafunga faili, akanywa chai yote, akaondoka. Aliponyanyuka bega la kushoto likatangulia kushuka, na kwa mara ya kwanza nikachukia lilivyo langu pia.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeshona vibaya. Nimefumua. Nimeshona tena.

Karatasi ni yangu na penseli ni yangu. Mstari kutoka kwa Babu kwenda kwa Shangazi upo tayari, niliuchora mwenyewe kwa nia njema. Nikiuacha, nani aliye hai atabisha? Hilo bega nitasema nilikosea kipimo. Fundi gani hajawahi kukosea kipimo?

Jumamosi, 5 Aprili

Mchana wa leo bati la kule nyuma limevuja. Niliingia na beseni nikamkuta Shangazi amesogeza kitanda mwenyewe, na pale kilipokuwa, sakafuni, kuna mkoba mdogo umefungwa kamba. Nikaunyanyua usilowe. Ulikuwa na uzito wa nguo.

"Unasafiri, Shangazi?"

"Hapana."

"Mkoba huu je?"

"Upo tu. Nguo zikichakaa nabadilisha."

Nikaweka beseni chini ya tone, nikakaa kitandani. Naye, kwa kuwa nimekaa, akakaa. Tukasikiliza matone. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Umenipima bega. Sasa niulize."

Sikuweza kuuliza. Akanijibu hivyo hivyo.

Anasema alikuwa ameshaota meno mapya ya mbele. Mama yake alikuwa anaumwa hospitali, kitanda cha dirishani, na yeye alikuwa analala chini ya kitanda hicho kwa sababu hawakuwa na mtu mwingine. Kitanda cha pili alilazwa Bibi, ametoka kujifungua Baba. Bibi ndiye aliyekuwa akimmegea chakula. Siku mama yake alipofariki wakaja watu wakamfunika, na hakuna aliyechungulia chini. Bibi akashuka kitandani na uzazi wake mbichi, akapiga magoti, akampa kichanga akishike. Akamwambia, "Nishikie, mimi nina kizunguzungu. Twende nyumbani."

"Babu yako alikuja kutuchukua," Shangazi akasema, na hapo alitabasamu. "Akatuangalia. Akamwambia Bibi, 'Nilikuacha na mmoja tumboni.' Bibi akasema, 'Na huyu alikuwa anasubiri zamu.' Babu yako akachukua mzigo akatangulia. Basi. Hakuuliza tena mpaka anakufa."

Lakini majirani waliuliza. Kila akitumwa dukani, wewe mtoto ni wa nani? Naye alikuwa hana jibu, anarudi analia na alichotumwa hakuleta. Bibi akamkalisha kwenye beseni la kufulia. Akamwambia, ukiulizwa wewe ni wa nani, usilie. Taja. Wakawa wanafua, kila nguo jina, shati la babu, baba yake babu, kanga ya mama, mama yake mama. Wakianika wanarudia. Mpaka akawa anayajua majina yote, na majirani wakachoka kuuliza kabla yeye hajachoka kutaja.

Nilikuwa nalia waziwazi. "Kumbe unatujua kuliko tunavyojijua."

"Nyie hamkuwa na haja. Mwenye nyumba hahesabu milango, mwanangu. Mgeni ndiye anaihesabu."

Nikamweleza mpango wangu, kwamba mstari upo na nitauacha. Akafikiri kidogo, akaniuliza swali la kazi. "Nguo ukiivuta ikae kwenye mwili usio wake, inapasukia wapi?"

"Kwenye mshono."

"Basi ufute. Mwenyekiti akiniuliza nitamjibu mwenyewe."

Nikautoa mkoba kwenye maji nikauweka juu ya kabati. Nilipotoka nilimsikia anaushusha.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefuta mstari. Karatasi ya kaki haifutiki vizuri, imebaki alama.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kwa Kaka kumpasha. Nilijipanga njia nzima, maneno nimeyanoa.

Nikamkuta nje ya nyumba ya kazi amekaa juu ya tairi, maboksi yamefungwa nyuma yake hadi dirishani. Ufunguo wa gari la wagonjwa ameshaurudisha, lakini kile kikamba alichokuwa anautundikia bado kipo shingoni hakina kitu. Wifi akaniita jikoni akaninong'oneza kwamba anaamka alfajiri, anavaa sare, anakaa ukingoni mwa kitanda, anavua.

Sikumwambia hata neno moja nililonoa. Niliketi naye kwenye maboksi. Akaniambia, "Mimi nimebeba watu wasio na makwao, mdogo wangu. Unafika nao hospitali, unaulizwa ndugu yake nani, hakuna. Sitaki mimi na mama watoto tuwe hivyo."

"Na Shangazi?"

Akaangalia barabara. Niliona kwamba hakulipenda swali kwa sababu alishajiuliza. Nimerudi na maneno yangu yote, sina hasira, nina hofu tu. Ningependelea hasira.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kutwa. Shangazi kapiga pasi gauni la buluu. Hajasema la nini.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika haya jioni.

Kikao kilikaa chumba cha kushonea. Kaka mezani na faili lake, wifi pembeni yake, Baba Mdogo kwenye kiti chenye mito, mtoto wake wa kiume aliyemleta akasinzia kabla ya kufunguliwa. Mti niliutundika ukutani kwa pini. Shangazi alivaa lile gauni la buluu, akachukua kigoda akakaa karibu na mlango. Nilichungulia chini ya kigoda. Mkoba ulikuwepo.

Kaka akafungua kikao. Ajenda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba Mdogo akauliza kwa sauti, "Nani kafa?" Tukamwambia hakuna. "Sasa mbona mmevaa hivi?"

Ajenda ya nne ikafika. Kaka akasimama mbele ya mti, akafuata kwa kidole kutoka kwa Babu kwenda chini, akafika pale nilipofuta. Jina la Shangazi lipo, mstari haupo. Akakiangalia kidole chake kama hakijui kiende wapi.

"Shangazi," akasema, akiitazama sakafu. "Tusameheane. Hili ni la utaratibu tu. Wewe ni wa nani?"

Baba Mdogo safari hii alisikia. "Swali gani hilo?" akafoka. "Mimi nimezaliwa nimemkuta. Nimejifunza kutembea nimeshika nguo yake."

"Mwache aulize," Shangazi akasema. Akasimama. Nimeishi naye maisha yangu yote na sijawahi kumwona amesimama wakati watu wengine wamekaa, ila awe anahudumia.

Akataja. Hakuangalia mti hata mara moja. Alianza juu, kule ambako mimi nilifika kwa msaada wake, akashuka na kila mtu na mke wake na watoto wao, kwa sauti ile ile ya mazishini. Walio hai na waliokufa aliwapa nafasi sawa. Kijana wa Baba Mdogo akaamka. Akafika kwa Babu na Bibi, akamtaja Baba, akawataja wawili waliofariki katikati ambao kabla ya mti huu mimi sikuwajua, akamtaja Baba Mdogo. Yeye mwenyewe akajiruka. Akaja kwa watoto wa Baba, akamtaja Kaka, na watoto wake.

Akaanza na yule wa kwanza. Akamtaja kwa jina.

"Aliyezaliwa kwenye mvua kama hizi," akasema, "akaishi mpaka kulipokucha. Baba yake alikuwa njiani na mgonjwa, mama yake hakuwa na nguvu. Nilimshika mimi. Alikuwa na vidole virefu."

Wifi akajifunika uso. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutajwa mbele yake tangu asubuhi ile. Kaka akageuka kwenye mti akatafuta. Alitafuta chini ya jina lake, kushoto, kulia, akaona wawili. Mti wangu mzuri haukuwa naye. Mimi mwenye damu nilimwacha nje, na aliyemtunza ni huyu asiye na mstari.

Shangazi akamaliza na wajukuu. "Hao ndio wangu," akasema. "Sina wengine wa kutaja. Kama fungu hakuna, mkoba wangu huu hapa." Akakaa.

Kaka akatoka nje. Tukamsikia varandani, mvua ikimficha kidogo lakini si sana. Baba Mdogo akaniuliza tena nani kafa. Kisha Kaka akarudi, uso umelowa, na kwa kuwa ndiyo lugha anayoijua akasema, "Ajenda ya nne imefungwa. Katibu, andika."

Katibu ni mimi. "Niandike nini?"

"Mwandike mwanangu." Akagusa karatasi chini ya jina lake. "Halafu umchoree mstari aliyemtaja."

Nikachukua penseli. Mtoto kwanza. Nilipofika kwa Shangazi akaniambia kutoka pale mlangoni, "Usiniandikie damu. Andika nilivyokuja."

Kwenye mitindo yetu mistari ni ya aina mbili. Mstari mzima ni wa mkasi, unaonyesha pa kukata. Mstari wa nukta nukta ni wa sindano, unaonyesha pa kushonea. Nikamchorea wa nukta, kutoka kwa Bibi, nikaukoleza. Nikawaeleza maana yake, na Shangazi akawasimulia habari ya mama yake na kitanda cha dirishani. Wifi akasema huo ndio mzuri kuliko yote.

Kuhusu vyumba nilizungumza mimi kabla Mwenyekiti hajafungua ajenda nyingine. Cherehani itakwenda varandani na chumba cha kushonea watalala Kaka na wifi. Kaka akasema varandani nitalowa. Nikamwambia basi aniwekee turubai, si amestaafu?

Jumanne, 22 Aprili

Kaka kaja kupima turubai. Kapima vibaya. Nimempimia.

Jumapili, 27 Aprili

Wamehamia. Maboksi kila mahali, na nyumba ina watu tena. Asubuhi Kaka alifungua kikao cha chai. Shangazi akamwambia anywe kwanza.

Zana za Kaka hazikuwa na pa kukaa. Shangazi akaenda kule nyuma, akarudi na mkoba mtupu akampa. Sasa una spana na nyaya. Nguo nilizikuta zimetundikwa nyuma ya mlango, nikaingia chumbani kwangu nikalia kidogo, kisha nikatoka nikashona.

Jumapili, 4 Mei

Mvua zimekwisha, au zimechoka. Vitambaa vimekauka kwa siku moja.

Jioni Shangazi alikuwa varandani anakunja nguo, Kaka kaketi mbele yake na rundo lake, anafundishwa. Kila nguo jina. Alikwenda vizuri mpaka baba yake babu, juu yake akakwama, akajaribu kumpachika mtu wa upande wa mama.

"Anza upya," Shangazi akasema.

"Shangazi, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana unasahau. Anza upya."

Akaanza upya. Mimi kwenye cherehani nacheka kimoyomoyo. Alipofika juu kabisa bila kosa alibaki na shati mkononi, nikadhani anangoja kusifiwa. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Shangazi," akasema, "yule mama wa kitanda cha dirishani. Mama yako. Aliitwa nani?"

Nilisimamisha mguu. Wiki zote hizi nimechora, nimefuta, nimelia, nimejaza karatasi ya kaki mpaka pembeni, na sikuwahi kuliuliza hilo. Hakuna aliyewahi.

Shangazi akalaza nguo mapajani. Mdomo wake ulifunguka, ukafungika. Niliogopa kwamba amelisahau, kwamba majina yetu yalilifunika. Kisha macho yakamjaa, na kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia kwake, akalitaja.

Kaka akalirudia, polepole, asikosee. Mimi nikaenda kuchukua penseli.